Malisho, Majira na Amani ya Mpakani



Huenda mtu akashangaa kumwona afisa wa polisi akizungumzia nyasi. Lakini mafaili mengi ya mifugo yanayofika mezani petu huanzia mawinguni. Mvua ikichelewa, malisho hukauka; malisho yakikauka, ng'ombe huhamishwa; na ng'ombe akihamishwa bila karatasi, hapo ndipo wizi, maradhi na mapigano hupata nafasi.

Hapa Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mashamba ni madogo. Ng'ombe hufungwa bandani akaletewa matete, majani ya migomba na maganda ya matoke. Matete hayo hayo ndiyo yanayoshika udongo kwenye kingo za matuta. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kikikaza, mtu hukata yake yote, kisha jicho likamwelekeza kwenye tuta la jirani. Mzigo wa majani ni mali ya mtu, na panga lililokwenda kukata majani ndilo hilo hilo huinuliwa ugomvi ukizuka. Mvua nazo zikirejea, tuta lililonyolewa halizuii kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini hapa, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba matete yangeizuia gharika ile. Nasema kwamba mlima uliovuliwa nguo huteremsha maji kwa kasi zaidi.

Wenzetu wa Jinja hutegemea zaidi vya kununua: pumba, mashudu, dagaa wa ziwani tunaowaita mukene, na molasi ya viwanda vya sukari kama kile cha Kakira. Navyo pia huitii hali ya hewa. Pumba hushuka bei baada ya mavuno ya katikati ya mwaka na ya mwisho wa mwaka, kisha hupanda ghala zikiwa tupu. Mwenye pahali pakavu pa kuwekea anunue mapema. Mukene huanikwa juani, na mvua ya mfululizo huwaozesha. Pumba zilizoloa huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo hudhuru kuku na kupenya hata katika maziwa tunayowapa watoto. Katika uhaba huo walaghai huchanganya mchanga na mukene, na unga wa mbao na pumba. Huo ni udanganyifu unaoadhibiwa na sheria, wala si werevu wa biashara. Daini risiti, pasipo risiti, mpelelezi hana pa kushika.

Ama kuhusu mpaka. Karamoja hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, hivyo wafugaji wa huko huteremka kuelekea Teso na tambarare zilizo chini ya Elgon, na Waturkana na Wapokot huvuka kutoka Kenya. Kutafuta maji si uhalifu. Makubaliano ya amani na maendeleo ya mpakani yalitiwa saini mbele ya marais wa nchi zetu mbili kule Moroto, tarehe 12 Septemba 2019. Kinachotakiwa ni kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya na kuonana kwanza na wenyeji. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa, anayepitisha ng'ombe mmoja kwa njia za panya za Lwakhakha au Suam huweza kufungisha soko la wilaya nzima, naye bado akajiona amepata faida.

Mwisho, mifugo ikiibwa, msingoje kupambazuke. Mvua hufuta nyayo. Mwarifuni mwenyekiti usiku huo huo, nanyi mfike kituoni mkiwa na rangi ya mnyama, alama yake ya moto au ya sikio, na upande alioelekezwa. Msivuke mpaka kumfuata. Tuna wenzetu ng'ambo tunaowasiliana nao.