Upanga wa Afisa na Sanduku la Mjane

(Mada iliyotolewa na Kamati ya Haki na Amani kwa waamini na viongozi wa walei, Rugera)



Mada yetu ya leo yaweza kuonekana ngeni katika kikao cha Haki na Amani. Ni juu ya vitu vya askari waliopigana vita: upanga wa afisa, nishani, barua, picha, kofia, hati za utumishi. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaovitafuta vitu hivyo, kuvinunua na kuviuza kwenye minada. Hupenda hasa upanga wa heshima, yaani ule anaotunukiwa afisa kwa sifa fulani, ukiwa umechorwa jina lake na sababu ya kutunukiwa. Upanga huo ukipatikana pamoja na nishani na barua za afisa yule yule, thamani yake huongezeka. Ukitenganishwa navyo, hupungua. Wanaojua kazi hiyo husema kwamba kinachotafutwa si chuma, bali ni habari za mtu.

Nasi twakubali. Ila twaongeza swali moja la haki: ni habari za nani zinazotunzwa, na ni za nani zinazoachwa zipotee?

1. Waliochorwa majina na wasiochorwa

Mkoa wetu umepitiwa na vita zaidi ya mara moja. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Waingereza, yaliyosafiri kwa meli kutoka Kisumu, yaliushambulia mji wa Bukoba uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, yakaharibu mtambo wa simu ya upepo. Baada ya ushindi askari waliachiwa kuupora mji. Vitu vya watu vikageuka kuwa kumbukumbu za washindi.

Katika vita hiyo afisa alikuwa na jina lake kwenye upanga, kwenye sanduku, na akifa, kwenye kaburi. Mpagazi aliyembebea sanduku hilo hakuwa na kitu. Katika Afrika Mashariki wapagazi walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni heshima, lakini haitaji jina la mtu hata mmoja.

2. Sanduku lililo chini ya kitanda

Tusiwalaumu wengine tu. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, katika mkoa uliokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Watu waliuawa, ng'ombe waliswagwa, daraja la Kyaka lilivunjwa. Jeshi letu pamoja na mgambo wengi walioacha majembe yao walipigana hata Kampala ikaanguka mwezi Aprili 1979. Baadhi ya mashujaa hao wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka wote.

Lakini waliorudi nyumbani, nani amewaandika? Katika ziara zetu tulimtembelea mama mmoja mjane. Alitutolea chini ya kitanda kisanduku cha bati: nishani ya marehemu mumewe, mkanda, picha moja iliyofifia na barua mbili. Alikuwa amepata mtu wa kununua nishani peke yake. Tulimwuliza mzee alipigana wapi. Akajibu, "Yeye alijua. Watoto hawakuuliza." Jibu hilo lilituchoma moyo. Nishani ile ikiondoka, jina litaondoka nayo, na wajukuu watabaki na hadithi isiyo na ushahidi.

Hatusemi kwamba mjane mwenye shida atende dhambi akiuza kilicho chake. Twasema kwamba jumuiya iliyomwacha mpaka auze kumbukumbu ya mumewe ili anunue dawa imekosa kabla yake.

3. Upanga uliofungwa kwa nguo

Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinatueleza kwamba Daudi alipomkimbia Sauli alifika Nobu kwa kuhani Ahimeleki. Pale upanga wa Goliathi ulikuwa umehifadhiwa, umefungwa kwa nguo. Kuhani alijua ni wa nani, aliuawa na nani, na katika bonde gani. Alihifadhi kitu pamoja na habari zake. Basi huo ndio mfano wetu: kitu bila habari ni chuma chakavu, na habari bila kitu husahaulika upesi.

4. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tulinde uhai. Si kila kitu cha vita ni cha kukusanywa. Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa na mtoto kwa kudhaniwa kuwa chuma chakavu liliua wanafunzi 5 na kujeruhi makumi ya wengine. Mzazi awaambie watoto leo hii: kitu cha chuma usichokijua usikiguse, usikipige, usikibebe, mwite mtu mzima, naye aite polisi. Bunduki na risasi si kumbukumbu za familia, zikabidhiwe serikalini.

Pili, tuandike. Kila jumuiya iteue vijana wawili wenye mwandiko mzuri, wawatembelee wazee waliopigana na wajane wao. Waandike jina, kikosi, mahali alipopigana, na orodha ya vitu vilivyopo. Vitu vya mtu mmoja visitenganishwe. Nakala moja ibaki kwa familia, na moja parokiani.

Tatu, asiyeweza kutunza asikabidhi kitu bila hati. Iwe ni kwa Makumbusho ya Taifa, iwe ni kwa shule au parokia, yaandikwe makubaliano na jina la mwenyewe. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu vitu vya kale vitolewe nje ya nchi bila kibali.

Nne, tuseme ukweli. Vita ile iliwaumiza pia raia wa Uganda, na baadhi ya vitu vilivyokuja huku havikuwa zawadi wala haki ya mtu. Aliye nyumbani mwake na barua, picha au pete ya mtu aliyeuawa asiione kama tuzo. Ni amana ya familia fulani inayongoja. Padre na kamati watamsaidia kutafuta njia ya kuirudisha, bila kumwaibisha.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni nani katika jumuiya yetu walipigana au walibeba mizigo ya vita? Twajua nini juu yao?
2. Je, wajane na wazee hao wanaishije leo?
3. Je, watoto wetu wanajua hatari ya mabomu yaliyosalia?
4. Tutaanza na nyumba ipi, na lini?

Ndugu wapendwa, afisa aliyetunukiwa upanga aliandikiwa jina lake na waliomheshimu. Mgambo wa Rugera hakutunukiwa upanga. Basi jina lake tuliandike sisi, wakati mjane wake bado yu hai wa kutusahihisha.

Mungu awabariki.