Usukani ni Amana
Hotuba kwa madereva na jamaa zao, Nkuhungu, Dodoma



Mada niliyopewa yahusu moyo. Si moyo wa nia tuuzoeao katika mawaidha, bali pande la nyama lililo kifuani, lipigalo usiku na mchana pasipo kuamrishwa na mwenyewe. Naizungumza hapa Nkuhungu kwa sababu wengi wetu twala kwa usukani: wako wa bodaboda na bajaji, wako wa daladala, na wako wa malori yaendayo Singida au Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 450.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, kwa mwendo ulio sawa. Mwendo huo huongozwa na umeme mdogo uzaliwao ndani ya moyo wenyewe. Umeme ukivurugika, moyo huenda mbio, au huzubaa, au hupiga ovyo. Si kila pigo liliruka ni ugonjwa. Hata mwenye afya huweza kulisikia akikosa usingizi au akizidisha kahawa. Lakini hali ikijirudia, sababu itafutwe: huenda ni shinikizo la damu, au tezi ya shingo, au vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni.

Hatari zake kwa dereva ni mbili. Kwanza, ubongo hukosa damu ya kutosha, akapata kizunguzungu au akazimia. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Akizimia sekunde tano tu, gari limekwenda zaidi ya mita 110 bila dereva. Pili, iko aina moja ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kupiga. Damu hutuama humo na kuganda, na hatari ya kiharusi huwa kama mara tano ya ile ya mtu asiye na hali hiyo.

Basi, dereva ahisipo moyo kwenda mbio pamoja na kizunguzungu, giza machoni, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, asijipe moyo kwamba atafika. Apunguze mwendo, awashe taa za tahadhari, atoke barabarani, azime injini, na aombe msaada. Asijiendeshe mwenyewe kwenda hospitali. Aliyekwisha kuzimia asishike usukani tena mpaka daktari amruhusu. Wenzetu wa Uingereza wameliwekea jambo hili kanuni: dereva wa gari dogo ambaye mapigo yamemlemaza huacha kuendesha mpaka chanzo kijulikane na hali idhibitiwe kwa wiki 4 angalau, wa lori na basi hungoja miezi 3.

Tiba ipo, wala si mbali. Kipimo cha umeme wa moyo, kiitwacho ECG, huchukua dakika chache tu, wala hakina maumivu. Hapa Dodoma tunayo hospitali ya rufaa ya mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Na Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Mgonjwa amweleze daktari waziwazi kwamba kazi yake ni udereva. Akipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, asiikatishe kwa kuwa amepata nafuu, wala asichanganye na dawa nyingine bila kuuliza. Na kabla ya Ramadhani ashauriane na daktari wake; dini yetu imempa mgonjwa ruhusa, na kuikubali ruhusa si udhaifu wa imani.

Najua kinachowafunga wengi midomo. Dereva huogopa kwamba akisema, tajiri atampa gari mtu mwingine, na watoto watalala njaa. Hofu hiyo ni ya kweli, nami siidharau. Lakini abiria aliyelipa nauli ameikabidhi roho yake pasipo kujua siri ya dereva, na mtoto avukaye barabara hakuulizwa kabisa. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kushika sababu.

Kwa hiyo wajibu hauishii kwa mgonjwa. Tukimtaka aseme kweli, nasi tuwe tayari kuibeba kweli yake: tajiri ampe kazi ya gereji au ya ofisini kwa muda, jirani ampeleke kliniki, nasi tuchangie chakula cha nyumba yake katika wiki hizo za kungoja. Jamii imwachayo mkweli afe njaa inawafundisha wengine kuficha.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzilinda nafsi zetu na za wenzetu. Amin.