Mwalimu Anayekwenda Bangkok

Umepata kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand? Kabla ya kuaga, pita Huduma Centre hapa Kakamega uchukuliwe alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema. Wakala akikuambia uingie kwa viza ya utalii, achana naye: kufundisha kule kunahitaji kibali cha kazi.

Ukifika, jiandikishe katika ubalozi wa Kenya, Bangkok. Wanafunzi watakuita khru, yaani mwalimu. Usimguse mtoto kichwani, hata kwa kumpongeza. Kwao kichwa kinaheshimiwa sana. Wali utakula mpaka uote ugali na mrenda. Na simu kwa mama? Ukiingia darasani saa 2 asubuhi, kwake hapa Lurambi ni saa 10 usiku. Mwache alale.