Mbele ya Wasaili, Kijana Aseme Alichokitenda

(Maneno tuliyoyatoa katika semina ya kamati za parokia kuhusu ajira za vijana)



Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulitafuta mtunza stoo wa mahindi ya mradi. Mwishoni walibaki wawili. Kijana wa kwanza aliingia akitabasamu, akatuambia kuwa yeye ni mchapakazi, mwaminifu, mbunifu na mwenye kujituma. Wa pili, binti, alikaa kwenye ukingo wa kiti, macho chini. Tulipomwuliza kama ataiweza kazi alijibu, "Nitajaribu." Tulipomwuliza kama ana uzoefu alisema, "Siyo sana." Tukampa kazi yule kijana. Baada ya miezi saba magunia hayakulingana na leja, na hakuna aliyeweza kusema yamekwenda wapi, maana siku nyingine hayakuandikwa kabisa. Ndipo mama mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa akatuuliza kwa nini tulimwacha binti yule, aliyewaandikia daftari la fedha miaka mitatu pasipo shilingi kupotea. Sisi hatukuwa na habari. Yeye hakusema, na sisi hatukuuliza.

Binti yule hakukosa tabia njema. Alikosa njia ya kuifikisha mezani. Katika nyumba zetu mtoto hufundishwa asijisifu, asimkazie macho mkubwa, asiseme mpaka aulizwe. Malezi hayo ni mazuri na hatutaki yaachwe. Lakini ndani ya chumba cha usaili macho yanayoinama huonekana kama ya mtu anayeficha jambo, na "nitajaribu" ya unyenyekevu husikika kama "siwezi".

Wengine hudhani dawa yake ni kumfundisha kijana achangamke kama mtangazaji wa redio. Tumewaona wa namna hiyo. Dakika tano za kwanza anang'aa, swali la tatu anaishiwa. Tena uchangamfu wenyewe si kipimo cha kila kazi. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Murray Barrick na Michael Mount, walikusanya tafiti nyingi kuhusu tabia za watu na kazi zao. Sifa iliyoambatana na utendaji mzuri katika aina zote za kazi walizozichunguza ilikuwa umakini: kutimiza wajibu, kufuata mpango, kutegemewa. Uchangamfu ulisaidia zaidi kwa wauzaji na mameneja. Mtunza stoo hakuwa mmoja wao, nasi tulimchagua kwa tabasamu.

Kwa hiyo tunawafundisha vijana waache kutaja sifa, wasimulie tukio. Akisema "mimi ni mwaminifu", amejisifu, na kila aliyemtangulia amesema hivyo hivyo. Lakini akisema, "Niliandika daftari la kikundi cha akina mama kwa miaka mitatu, kila wiki tulihesabu sanduku mbele ya wote, na siku moja zilipozidi shilingi elfu mbili niliomba kikao kisifungwe mpaka tumempata mwenye nazo," hapo hajajisifu hata kidogo. Neno uaminifu watalitamka wasaili wenyewe baada ya yeye kutoka. Kila kijana aende na matukio matatu ya namna hiyo, kweli tupu, na awe ameyasimulia kwa sauti mara nyingi kabla ya siku yenyewe. Tena aseme "nilifanya". Vijana wetu hupenda "tulifanya" kwa kuwaheshimu wenzao (na sisi tunaozungumza hapa tuna ugonjwa huo huo), lakini msaili anataka kujua wewe ulishika jembe lipi.

Swali la kwanza mara nyingi ni "Tueleze juu yako." Wengi huanza na mahali walipozaliwa, kisha "mimi ni mtoto wa nne katika familia ya watoto saba", na muda unakwisha. Aanze na kazi aliyoisomea au aliyoifanya. Akiulizwa udhaifu wake asiseme kwamba anafanya kazi kupita kiasi, kwani wasaili wameuchoka wimbo huo. Ataje udhaifu wa kweli, pamoja na anachokifanya kuurekebisha.

Tumeulizwa sana kuhusu shikamoo. Kama usaili ni wa Kiswahili na mezani wamo wakubwa wake, aiseme bila haya, mara moja kwa wote. Shida kubwa ni pale usaili unapofanyika kwa Kiingereza. Kijana mcheshi kabisa kijijini huonekana kama mti mkavu, kwa sababu anatafuta maneno. Hapo ndipo matukio yale matatu yanapookoa, kwa kuwa amekwisha kuyafanyia mazoezi kwa lugha zote mbili. Kwa ajira za serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hudai vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho. Avipange usiku wa kuamkia. Anayepekua bahasha mlangoni huingia akiwa amekwisha kuvurugika.

Sasa tuwageukie ninyi wanakamati, maana nanyi ni wasaili. Mnaajiri walimu wa chekechea, walinzi, wahudumu wa zahanati. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walipitia tafiti za miaka 85 wakaonyesha kuwa mahojiano yenye maswali yaliyopangwa hubashiri utendaji vizuri kuliko maongezi ya kupita tu. Basi andikeni maswali kabla, mwulize kila mmoja yale yale, na kila mjumbe aandike alama zake kabla ya kujadiliana, ili mwenye sauti kubwa asiwachagulie. Mkimwona binti amenyamaza, mwambieni, "Binti, tueleze siku moja uliyokabidhiwa mali ya watu," kisha msubiri. Msimwulize kama ameolewa au ana mpango wa kuzaa lini. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Bado maswali hayo yanaulizwa katika parokia zetu, tena na watu wema.

Ombi letu kwa kila parokia ni Jumamosi moja kwa mwezi, meza moja, na wazee watatu wasio ndugu wa kijana, wamfanyie usaili wa mazoezi kisha wamwambie ukweli. Ninyi wafadhili wetu mmekuwa mkituuliza kama vijana wanahitaji suti. Shati safi lililopigwa pasi linatosha. Wanachokosa ni nauli, malazi ya usiku mmoja na fedha ya kutoa nakala za vyeti, na wapo walioitwa kwenye usaili wakashindwa kufika kwa sababu hiyo. Fomu za kuorodhesha vijana ziko kwa katibu. Tunaomba zirudi kabla ya mwisho wa mwezi.