MTOTO MNENE SI LAZIMA AWE MZIMA
(Mazungumzo ya Mkunga wa zahanati yetu kwenye mkutano wa wanachama. Yameandikwa na Katibu.)



Mwaka jana mama mmoja wa hapa kwetu, ambaye ameniruhusu niseme bila kumtaja, alijifungua mtoto wa kilo 4 na nusu. Tukapiga vigelegele. Kabla ya usiku kuingia mtoto akawa anahema mbiombio, ulimi umegeuka buluu. Hospitalini wakaona nyama ya moyo wake imenenepa, damu inapita kwa shida.

Mama huyo ana kisukari. Alikuwa akiruka sindano za insulini, maana aliambiwa kisimani kwamba zinamdhuru mtoto. Jamani, ni kinyume! Insulini ya mama haivuki kondo la nyuma. Inayovuka ni sukari. Mtoto naye hutengeneza insulini yake kwa wingi, akanenepa yeye na moyo wake.

Bahati njema, unene huo kwa kawaida huisha wenyewe, mara nyingi kabla ya miezi 6. Mtoto wetu sasa anatambaa.

Lakini liko jingine lisiloisha hivihivi. Moyo wa mtoto huumbwa katika wiki 8 za mwanzo, wakati wengine hata hatujajua tuna mimba. Sukari ikiwa juu siku hizo, moyo unaweza kuwa na tundu, au mishipa yake mikubwa ikakaa mahali pasipo pake. Kwa hiyo mwenye kisukari aje kliniki kabla ya kushika mimba. Sukari ikitunzwa, walio wengi huzaa salama.

Wengine kisukari huwaanza mimba ikiwa kubwa. Basi njooni mpimwe kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Mtoto akizaliwa, anyonye ndani ya saa moja, maana sukari yake hushuka ghafla. Akitulia, hesabuni pumzi. Zikifika 60 kwa dakika, au ulimi ukiwa buluu, au akitoka jasho na kuchoka anaponyonya, msingoje kuche.

Akina baba, usiku ule tulipoteza saa mbili tukichangishana nauli. Naomba Chama kitenge fedha ya dharura.



(Katibu: Ombi hili litajadiliwa kikao kijacho. Kila mwanachama aje na wazo lake.)