Majibu ya Kiingereza juu ya Motokaa na Uendeshaji

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ihumwa



Jambo nililotwikwa laonekana dogo likitazamwa kwa mbali, lakini limekwisha kuwaangusha wengi, nami ni mmoja wao. Nalo ni hili: namna ya kujibu kwa Kiingereza, kwa kinywa wala si kwa kalamu, mtu aulizwapo habari za motokaa na kuendesha.

Pengine mtasema, kwa nini motokaa, na si kilimo au afya? Sababu ni kwamba maswali haya hutufikia kwa milango mingi. Karani atakaye kwenda kusoma ng'ambo hana budi kufanya mtihani wa kusema, na habari za safari na magari ni katika mambo ya kila siku ambayo watahini hupenda kuyauliza. Dereva ampelekaye mgeni kwenye Mji wa Serikali hapo Mtumba huulizwa njiani umbali wa safari na hali ya barabara. Basi karani na dereva wote wawili limewapasa.

Wala kujibu kwa kinywa si jambo jipya kwa watu wa kazi yetu. Mwaka 1922, huko Tanga, Bwana Martin Kayamba alianzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali ya Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London, pamoja na Chifu Makwaia na Bwana Francis Lwamgira, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Mahali kama pale maneno ya kukariri hayamfai mtu, maana hajui ataulizwa nini baadaye. Humfaa lile analolijua kweli.

Sasa niungame aibu yangu. Miaka mingi iliyopita nalikwenda kufanya mtihani wa kusema, nikitafuta nafasi ya masomo. Nalikuwa nimekariri kurasa mbili za maneno mazuri juu ya motokaa. Mtahini aliponiuliza kama naendesha, nikaanza kumiminika kama bomba: kwamba naendesha tangu ujana, na kwamba gari langu ni furaha ya maisha yangu. Akanisikiliza kwa upole, kisha akauliza kama gari hilo ni la kubadili gia kwa mkono au hubadili lenyewe, na mimi napenda lipi. Nikanyamaza. Kweli ni kwamba nalikuwa sijapata kushika usukani. Nalikuwa mtu wa baiskeli na basi. Alama zangu hazikufika kiasi kilichotakiwa, na nafasi ile ikapita.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba mtahini hapimi kama unayo motokaa. Katika mtihani uitwao IELTS, ambao vyuo vingi vya Uingereza huukubali, sehemu ya kusema huchukua dakika 11 hadi 14, nayo ina vipande vitatu. Kwanza huulizwa maswali mafupi ya maisha yako. Pili hupewa kadi yenye jambo moja, ukapata dakika 1 ya kuwaza, kisha ukasema kwa dakika 1 hadi 2. Tatu huulizwa mambo mapana zaidi, kama vile sababu za ajali au faida ya magari ya abiria. Alama hutolewa kwa vitu vinne, vyote sawasawa: mtiririko na mpango wa maneno, wingi wa msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna alama ya utajiri. Tena jibu la kukariri hutambulikana upesi, wala halimpatii mtu sifa.

Basi ningalisema kweli yangu: "No, I don't drive. I go to work by bus because it is cheap, but in the rainy season I am often late." Tazameni jibu hili. Kwanza lajibu swali lenyewe. Pili latoa sababu. Tatu laongeza jambo moja lililoonwa kwa macho. Swali la pili likija, juu ya basi au juu ya mvua, msemaji analo la kusema, maana ndiyo maisha yake.

Mpango huo wamfaa dereva vilevile. Mwenzetu mmoja, dereva hodari aliyezoea barabara ya Morogoro, alikuwa na mgeni garini. Walipokaribia Gairo akasikia mlio gurudumuni, akasimama mara moja kando ya njia. Mgeni akauliza, "Why have we stopped?" Mwenzetu akajibu, "No problem." Mgeni akauliza tena, naye akajibu vilevile, huku amekwisha kuchukua spana. Nati za gurudumu zilikuwa zimelegea! Amewaokoa watu wote waliokuwamo, lakini mgeni alipofika alinung'unika kwamba dereva husimama ovyo. Kazi ilikuwa njema, ikaharibiwa na jibu. Laiti angalisema: "The wheel nuts are loose. I am tightening them. We shall leave in ten minutes." Maneno machache, hayana urembo, nayo yangalimpa heshima anayostahili.

Mabwana, kuna mitego ambayo Kiswahili chetu hututegea, nami nitaitaja mitano.

Mtego wa kwanza ni maneno yanayofanana na Kiingereza nayo siyo. Sisi huita mzunguko wa barabara kipilefti, kwa sababu ya kibao kilichoandikwa "Keep left". Ukimwambia mgeni "Turn at the keep-left" hatakuelewa. Jina lake ni "roundabout". Askari wa barabarani twamwita trafiki. Lakini kwa Kiingereza "traffic" ni wingi wa magari yenyewe. Ukisema "The traffic stopped me", msikizi atadhani ulizuiwa na foleni. Sema "A traffic officer stopped me."

Mtego wa pili ni vitendo. Sisi hufunga breki, hupiga honi, huwasha gari na kupanda gari. Asiyefikiri hutafsiri neno kwa neno, akafunga breki kama mlango na kupiga honi kama ngoma. Mwingereza husema "I braked", "I sounded the horn", "I started the engine". Tena husema "I got into the car", bali kwa basi husema "I got on the bus". Na neno letu mafuta lina hatari yake: ukisema "oil" nawe wataka petroli, waweza kutiliwa kitu kingine kabisa.

Mtego wa tatu ni wakati. Sisi tukisema "unaendesha gari" twaweza kuwa na maana ya desturi au ya sasa hivi. Kiingereza hutenga: "Do you drive?" ni desturi, "Are you driving?" ni sasa hivi, na "Can you drive?" ni kuuliza kama wajua kazi hiyo. Sikilizeni swali, kisha jibuni kwa umbo lake.

Mtego wa nne ni kukana. Mtu akiulizwa kwa Kiswahili, "Huendeshi?" huweza kujibu, "Ndiyo, siendeshi," maana yake, ulivyosema ni kweli. Kwa Kiingereza, ukiulizwa "Don't you drive?" nawe huendeshi, jibu ni "No, I don't." Ukisema "Yes" peke yake, umekuwa dereva bila kujua.

Mtego wa tano ni sauti. Wengi wetu huchanganya r na l. Katika mambo mengine kosa hili hupita, lakini kwa motokaa "road" ni barabara na "load" ni mzigo. Dereva wa lori akitaka kusema barabara ni mbaya, akatamka "The load was bad", mwenye mali ataogopa kwamba shehena yake imeoza. Tena tusiongeze vokali mwishoni: "brake" huishia kwenye k, si breki. Lafudhi ya kwetu si dhambi wala hatuna haja ya kuiga pua za watu. Linalotakiwa ni kueleweka.

Sasa nitoe shauri, nalo ndilo lililonileta hapa. Katika chama chetu wamo watu wa namna mbili. Karani anacho Kiingereza, lakini akiambiwa afunue boneti hajui rejeta wala klachi. Dereva anajua kila nati, lakini akiulizwa kwa Kiingereza hunyamaza, na watu humdhania mjinga. Kila mmoja anacho kile ambacho mwenzake amekosa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi naomba kila Jumamosi, saa kumi alasiri, tukutane kivulini penye motokaa moja. Dereva aonyeshe kitu kwa mkono na kueleza kazi yake kwa Kiswahili. Karani atoe jina lake kwa Kiingereza, na akiwa na shaka afungue kamusi, asibuni. Kisha tuulizane. Mmoja awe mtahini mwenye saa mkononi: dakika moja ya kuwaza, mbili za kusema. Mwingine awe mgeni atokaye Dar es Salaam kwa njia ya Morogoro, safari ya kilomita kama 450, aulize kila limjialo moyoni. Karatasi isisomwe. Na anayekosea asichekwe, maana kicheko ndicho kilichofunga vinywa vingi zaidi ya sarufi.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili chatutosha. Nami nakipenda Kiswahili, na hotuba hii nimeisoma kwa Kiswahili. Lakini mtu asipoteze masomo wala sifa ya kazi yake kwa kukosa sentensi tatu. Nalipotezwa mimi kwa maneno mengi yasiyo ya kweli. Mwenzangu alipotezwa kwa kweli isiyo na maneno. Tukikaa pamoja, hasara zote mbili zaweza kukoma.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nilipokosea nisahihisheni.