Uuguzi ni Amana

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeleta maradhi akaleta na dawa zake. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, akina mama na akina baba wa Mocímboa da Praia. Liko swali linalozuka barazani kila binti anapomaliza masomo yake na kutaka kusomea uuguzi: je, yafaa binti wa Kiislamu kumshika mgonjwa asiye maharimu wake? Na liko la pili, ambalo aghalabu halisemwi kwa sauti: yule muuguzi aliyeletwa kutoka mbali, asiyejua Kimwani wala Kiswahili, aaminiwe? Maswali haya ni mawili, lakini mzizi wake ni mmoja, nao ni amana.

Katika mwaka wa 5 wa Hijra, ndio mwaka 627 wa Miladi, katika vita vya Handaki, Saad bin Muadh alipigwa mshale wa mkono ukakata mshipa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamuru apelekwe katika hema ya Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, ili apate kumzuru kwa karibu. Na hema hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwa msikitini Madina. Rufaida alikuwa akiwatibu majeruhi na kuwatumikia wasio na mtu wa kuwaangalia, akitaraji thawabu kwa Mola wake. Saad hakupona. Jeraha lilifumuka, damu ikatiririka hata ikawafikia watu wa Banu Ghifari waliokuwa na hema yao papo hapo msikitini. Wala haikupokewa kuwa Rufaida alilaumiwa kwa kifo chake.

Mintarafu ya kushika, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye Minhaji yake husomwa na wafuasi wa Imamu Shafi pwani hii yote, ameruhusu kutazama na kugusa kwa ajili ya kuumika, kutoa damu na kutibu. Wafafanuzi wakaweka masharti: asipatikane mganga wa jinsia ya mgonjwa, wala kisifunuliwe ila kinachohitajiwa. Basi mtu amzuiaye binti yake asisomee kazi hii, kisha mkewe akashikwa na uchungu usiku, naye akaghadhibika kuwa zamu ile hakuna ila muuguzi mwanamume, amlaumu nani?

Sasa yatazamwe yanayomlazimu muuguzi mwenyewe. La kwanza ni elimu. Imepokewa na Abu Daud na wengineo kuwa Mtume alimtwika dhamana mtu ajitiaye utabibu ilhali hakujulikana kuwa na elimu hiyo: akiharibu, atalipa. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Maad akapambanua jambo hili kwa urefu. Fundi mjuzi aliyeitimiza kazi yake kama ipasavyo, kwa idhini ya mgonjwa, kisha yakatokea madhara asiyoweza kuyazuia, huyo hana dhamana. Mjinga aliyemhadaa mgonjwa kwa kujidai mjuzi, anayo. Hapa ndipo ilipo maana ya cheti na ya mtihani. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipopitisha kanuni zake za maadili mwaka 1953, na kuzirekebisha mara kadhaa hata mwaka 2021, halikuja na jambo geni kwa mtu aliyesoma fikihi.

Lakini yafaa kusimama kidogo katika neno idhini, kwani wengi hulipita mbio. Idhini haipatikani kwa lugha asiyoijua mgonjwa. Bibi mzee wa Kimwani akielezwa kwa Kireno kuwa atapasuliwa, akaitikia kwa kichwa kwa sababu ya hofu na heshima, huyo hajatoa idhini, ameogopa tu. Muuguzi mgeni hana budi kutafuta mkalimani mwaminifu, na mkalimani huyo naye amebeba siri. Na siri ya mgonjwa si ya kupelekwa kisimani. Sheria ya Msumbiji ya mwaka 2014 inawalinda watu wenye virusi vya Ukimwi, na dini ilikwisha kukataza kusengenya zamani sana kabla ya sheria hiyo.

Kuhusu zawadi: kisa cha Ibn al-Lutbiyya kinajulikana. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema kuwa hizi ni za mali ya umma na hizi amepewa yeye. Mtume akauliza kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hizo zingemfuata huko? Mzazi aombwaye fedha mlangoni pa chumba cha kuzalia, mahali ambapo huduma ni haki yake, kisha ikaitwa zawadi, apime kwa kipimo hicho. Waama, mshahara mdogo ni dhuluma, na dhuluma hiyo si ya leo. Samora Machel, kabla ya kuondoka mwaka 1963 kujiunga na FRELIMO, alikuwa muuguzi, akaona wauguzi weusi wakilipwa chini ya weupe kwa kazi ile ile. Yeye aliigombania haki kwa walioishika, hakumtoza mgonjwa.

Amana hiyo ina upande wa pili. Ibara ya 89 ya Katiba ya mwaka 2004 inampa kila raia haki ya kutibiwa, na papo hapo inamtwika wajibu wa kulinda afya ya umma. Mji huu ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017. Ukatekwa Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021. Waliorudi walijua maana ya kukaa mahali pasipo muuguzi. Hata hivyo, kipindupindu kinapozuka katika Cabo Delgado na Nampula, wako wanaowageukia wauguzi kwa mawe, wakidai kuwa ndio waliotia ugonjwa majini. Asili ya uvumi huo, kwa sehemu, ni matamshi: dawa ya kusafishia maji kwa Kireno ni cloro, na ugonjwa ni cólera, na sikio lisilozoea husikia neno moja. Tarehe 7 Aprili 2024 chombo cha uvuvi kilichotoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji kilizama, wakafa zaidi ya watu 90, wengi wao watoto; wakuu wa serikali walisema watu walikuwa wakikimbia uvumi wa kipindupindu. Na ugonjwa huo, mgonjwa akiwahiwa kwa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, hauui hata mmoja katika mia.

Basi kabla ya masika, yafaa kila msikiti uteue mzee mmoja na mama mmoja waijuao Kimwani, Kimakonde na Kimakua. Siku muuguzi atakapokwenda kisimani na dawa yake, wafuatane naye; waeleze kwa lugha ya watu jina la dawa na kazi yake, kisha wao wawe wa kwanza kuyanywa maji hayo mbele ya watu.